Maksi za Bafuni

Kwanza niseme upumbavu wenyewe, tumalizane: nilimwambia Ami Khalfan kwenye simu kwamba dada yangu Zuwena amepata themanini na sita. Sikumwambia kwamba amezipata bafuni.

Nyumbani kwetu mpaka leo wanauita uongo. Mimi siuiti hivyo, na nikiulizwa tena leo nitajibu vilevile, kwa sauti ileile. Themanini na sita zilikuwepo. Nilizisahihisha mwenyewe, nimekaa kwenye ukingo wa hodhi, miguu imo ndani ya ndara za Baba. Ami aliuliza amepata ngapi. Hakuuliza kazipata wapi.

Limenirudia hili juzi, skuli. Darasa letu sasa limeingia wazimu wa majaribio ya mtihani wa kuingia chuo. Huyu ana la uhandisi, yule la udaktari, wanatumiana kwenye simu kama watu wanaopeana dawa ya chunusi, na kila mmoja anaapa kwamba lake ndilo linalofanana na mtihani wenyewe. Niliomba ruhusa kwenda chooni, si kwa haja, kwa kuchoka tu. Mlango ulipofunguka ikanipiga harufu ya ile dawa ya kusafishia yenye ndimu. Mwenzangu akinusa ndimu hukumbuka urojo. Mimi nilikumbuka kemia. Nikasimama pale nacheka peke yangu, mpaka mwalimu wa zamu akaniuliza kwa Kiarabu kama naumwa.

Tulikuwa tunakaa Kandara, Jeddah, juu ya duka la mabegi, katika jengo ambalo lifti yake ilikuwa mgonjwa wa kudumu. Baba alikuwa karani wa ofisi ya mizigo. Wazee wetu walipotoka Unguja zamani zile, wengine walishukia Maskati na wengine wakaishia hapa, na tangu hapo ukoo wetu unakutana kwenye simu na kwenye mazishi. Mkubwa wa wote ni Ami Khalfan wa Maskati, kaka yake Baba. Baba yao alipofariki, Ami ndiye aliyemlea Baba, akamvisha, akamsomesha, akamwoza. Kwetu Ami akisema kuna mvua, unachukua mwavuli, hata Jeddah, hata katikati ya kiangazi.

Zuwena alikuwa amemaliza skuli na anautaka udaktari. Chuo kilichokuwa radhi kupokea watoto wa wageni kama sisi, wenye ikama, kibali cha ukaazi, mfukoni na si uraia, kilikuwa Riyadh, na nafasi zake kwa watu wa aina yetu zilikuwa za kugombaniwa. Mtihani wa kuingia ulikuwa mmoja. Akianguka, shauri lilishakatwa: atakwenda Maskati, atakaa kwa Ami, atasomea uhasibu, na jioni atamsaidia mke wa Ami kukunja sambusa. Zuwena alilia kwa sababu ya sambusa kuliko uhasibu.

Sasa, Ami alipokuja Umra mwaka ule alileta halua, alileta ubani, alileta na Kitabu. Kilikuwa kinene kama tofali, majaribio matupu ya udaktari, kwa Kiingereza, kakipata sijui kwa nani huko Maskati. Kabla ya kutuletea alikwenda nacho Makka, akakisomea dua, akakifunga kwa kitambaa cha kijani. Akamwekea Zuwena mikononi, sote tunatazama.

"Mwanangu," alisema, "hili ndilo jaribio. Mengine yote mchezo wa watoto."

Zuwena alifungua ukurasa wa mwanzo, akasoma, akafunga, akafungua tena. Alingoja Ami aondoke ndipo akamfuata Baba.

"Baba, hiki si cha kuingilia chuo. Hiki ni cha madaktari waliokwishamaliza, wanaotafuta leseni ya kazi. Imeandikwa hapa juu. Soma."

Baba hakusoma. Alikitazama kile kitambaa cha kijani.

"Ami yako hakosei."

"Sisemi kakosea, nasema..."

"Basi soma kitabu."

Mama alikuwa kwenye jamvi anachambua mchele. Alisema bila kuinua uso, "Dua haina kosa. Kitabu ndicho kilichopotea njia." Baba akajitia kikohozi.

Nataka mnielewe vizuri hapa, nyinyi wenzangu mnaodhani wakubwa hawaoni. Wanaona. Nyumba nzima ilikuwa inajua. Lakini zawadi imetoka kwa mkubwa, na imeshapita Makka, nani atairudisha? Kwetu hilo haliko. Mkubwa wako akikupa shati kubwa, wewe unafanya haraka kukua.

Na Ami hakutoa Kitabu bure tu, alikitolea na sharti. Kila Ijumaa baada ya sala atapiga simu aambiwe maksi za wiki. Zuwena asipofikisha nusu ya maksi za Kitabu kabla ya mtihani, hakuna haja ya kwenda Riyadh kuutia ukoo aibu. Aende Maskati moja kwa moja.

Basi kila jioni sebule yetu ilikuwa inageuka hospitali. Baba anakaa na saa mkononi, Zuwena anakaa chini na Kitabu mapajani, kitambaa cha kijani kimekunjwa vizuri pembeni kama mgeni wa heshima. Maswali yalikuwa ya namna hii: mzee ana kisukari, figo zimechoka, moyo unakwenda mbio, anakunywa dawa kadhaa; utamwachisha ipi kwanza? Dada yangu katika maisha yake alikuwa hajapata kumpima mtu hata homa, ila mimi, na mimi alisema najisingizia. Alikuwa anapata ishirini na mbili. Wiki nyingine kumi na tisa. Baba anataja maksi kwa Ami kwa sauti ya mtu anayetoa habari ya msiba, halafu anakaa na simu mkononi.

Zuwena akaanza kunyamaza. Hilo ndilo lililonitisha. Dada yangu alikuwa mtu wa kunikimbiza nyumba nzima na ufagio kwa neno moja tu, sasa namwambia "daktari wa sambusa" na ananitazama tu.

Ila alikuwa na majaribio yake mwenyewe. Moja ni la mfano, chuo chenyewe cha Riyadh kililiweka wazi kwenye tovuti yake, mtu yeyote alichukue. Mengine alitumiwa na rafiki yake Maryam, Msudani waliyesoma pamoja, ambaye kaka yake alipita kwenye mtihani huohuo. Alipomwonyesha Baba, Baba alisema, "Hivyo vijikaratasi vya bure? Ingekuwa udaktari unapatikana bure, Kandara nzima wangekuwa madaktari." Kwa hiyo sebuleni hayakuruhusiwa. Yakahamia bafuni.

Mpango aliutunga yeye, na kwa mpango ule peke yake angestahili kupewa chuo. Anageuza ndoo, anaikalia, simu kwenye goti, anafungulia maji kidogo ili isikike kama anaoga. Lakini msichana akikaa bafuni muda mrefu nyumba inaanza kuuliza. Hapo ndipo mimi nikapewa kazi. Kazi yangu ilikuwa kuugonga mlango na kupiga kelele.

"Zuwena! Toka bwana! Watu wana haja zao!"

Nyumba ambayo mtoto anapiga kelele mlangoni mwa choo ni nyumba ya kawaida, hakuna anayeitilia shaka. Na kila nikigonga yeye anajua sehemu moja ya mtihani imekwisha, aende sehemu ya pili. Nilikuwa saa. Nilikuwa saa bora kuliko ile ya Baba, maana ile haikuwa na matusi. Akimaliza ananifungulia, ananipa majibu nisahihishe, na yeye anajifuta jasho kwa taulo. Sabini na nne. Sabini na tisa. Themanini na sita.

Nilikuwa mdogo, meno ya mbele yanaota moja mbele moja nyuma, na hakuna aliyekuwa ananieleza kitu. Nilichokiona ni hiki: dada mmoja, kichwa kimoja, akikaa sebuleni mjinga, akiingia bafuni ana akili. Nikafikiri sana. Nikaamua kwamba akili imo bafuni. Pengine kwenye maji, pengine kwenye ile harufu ya ndimu. Nikahamishia huko hesabu zangu za kuzidisha, nikakaa juu ya ndoo ileile, daftari likaangukia kwenye maji, na mwalimu akanipa sifuri yenye mduara mkubwa kama sahani. Nikaona basi, akili ya mle ndani ni ya wasichana.

Jambo la pili nililoelewa vibaya lilikuwa Ami mwenyewe. Kwetu nilisikia siku zote kwamba Baba hawezi kubadilisha kazi, hawezi kusafiri, hawezi hata kuumwa vizuri bila kafili, yule Msaudi mdhamini wake, kutia sahihi. Nikaona kila mtu lazima awe na mtu wa namna hiyo. Baba ana kafili. Madaktari wana Ami Khalfan. Nilidhani madaktari wote wa hospitali ya Jeddah, hata yule Mmisri mwenye kipara aliyenichoma sindano ya matako, kila Ijumaa maksi zao zilikuwa zinapelekwa Maskati, na Ami anakaa na kalamu: huyu apite, huyu akakunje sambusa.

Kwa hiyo Ijumaa ile simu ilipolia, Baba bado hajarudi msikitini, Mama yuko jikoni anapakua, mimi sikufanya utundu. Nilifanya kazi ya ofisi.

"Shikamoo Ami."

"Marahaba. Nasri huyo? Baba yako yuko wapi?"

"Hajarudi, Ami."

"Haya. Dada yako kapata ngapi wiki hii?"

Ninaapa nilifikiri. Nilifikiri kama mtu anayetaka kuvuka barabara. Nikaona kuna maksi za aina mbili ndani ya nyumba, zote za kweli, na huyu mtu anahitaji moja tu.

"Themanini na sita."

Nikasikia feni yao ya Maskati.

"Sema tena?"

"Themanini na sita, Ami. Wiki ya nyuma alikuwa na sabini na tisa ila Baba aliona haya kujisifu."

Hayo ya Baba kuona haya niliyaongeza mwenyewe. Nayo pia siyajutii, yalikaa vizuri.

"Allahu akbar!" Ami alimpigia ukelele mkewe, nikaitoa simu sikioni. "Mama Khalid! Njoo usikie! Binti ya Said kakipiga Kitabu!"

Kabla ya Alasiri kundi zima la ukoo kwenye simu, Jeddah, Maskati, Dubai, Unguja, lilikuwa linamiminika pongezi, mashada ya maua na picha za mashine ya kupimia moyo. Shangazi wa Dubai akauliza daktari wetu ataanza lini kumtazama goti. Baba akasoma. Akamtazama Zuwena. Zuwena akanitazama mimi. Mimi nikatazama dari, na Mama akanitazama ninavyotazama dari.

"Nani kasema haya?" Baba aliuliza.

"Kauliza maksi," nikasema, "nikampa."

Alinivuta sikio likawa jekundu kama shokishoki. Lakini kusahihisha hakusahihisha. Angemwambia nini kaka yake? Kwamba nyumbani kwake anadanganywa? Au kwamba maksi zile ni za vijikaratasi vya bure, na Kitabu kilichosomewa Makka hakimfai mtoto? Alishika simu, akaiweka, akaishika, akaandika neno moja: Alhamdulillahi. Wiki zilizofuata alikuwa anapokea simu ya Ami na kusema "anaendelea vizuri" na kubadilisha mazungumzo haraka, wanaongea bei ya tende. Na safari ya Riyadh ikaruhusiwa. Mimi nikajiona nimeshamfanya dada yangu daktari, nikawa natembea ndani ya nyumba kama kafili.

Halafu Ami akatangaza kwamba anakuja. Anataka kusikia kwa masikio yake kabla mtoto hajaenda kwenye mtihani. Na anakuja na rafiki zake wawili.

Mama alipika biriani la kuku, na achari ya ndimu, na kachumbari. Wanaume walikaa sebuleni, wanawake ndani, pazia katikati. Mimi nilikuwa napita na birika na beseni watu wanawe mikono. Hawajafika nusu ya sinia, Ami akapangusa vidole, akaomba Kitabu. Akamwita Zuwena aje asimame penye pazia.

"Hawa wenzangu hawaamini," alisema, uso unamng'aa. "Wanasema binti wa skuli hawezi. Wewe wajibu tu, mwanangu, wajibu polepole."

Alikuwa na furaha. Nataka hilo nalo lijulikane. Hakuja kumuadhiri, alikuja kujivunia. Akafungua katikati, akasoma kwa Kiingereza chake cha afisi za zamani, kila neno limesimama peke yake kama askari. Ilikuwa habari ya mwanamke mjamzito, na shinikizo la damu, na dawa.

Zuwena alisema, "Sijui, Ami."

"Usione haya, sema."

"Sijui."

Ami akafunua ukurasa mwingine, upesi. Mtoto mchanga, manjano, sijui kipimo gani.

"Sijui hili pia."

Mmoja wa wale marafiki akasema, "Pengine kasahau, Khalfan. Biriani hili litamsahaulisha mtu hata jina lake." Wakacheka kidogo. Ami hakucheka. Uso wake ulikuwa unazimika, na Zuwena kainamisha kichwa, mtandio umemfunika mpaka kidevuni, na nikaona vidole vyake vimelishika pazia kama mtu anayeshika ukuta wa bahari. Nikaona kama sikusema kitu, Maskati inamchukua pale pale.

"Ami," nikasema, na birika mkononi, "hapa hajui. Mpeleke bafuni ndiyo atajua."

Ami alikiweka Kitabu chini.

"Nini?" Ami aliuliza.

"Themanini na sita ni za bafuni. Sebuleni anapata ishirini na mbili. Mimi ndiye niliyekwambia, si Baba. Kitabu chako hakipendi. Hakuna anayekipenda. Wanaogopa kukwambia."

"Nasri!" Hiyo ilikuwa sauti ya Baba, na mkono wake ulikuwa njiani kuja kwangu. Lakini Zuwena aliinua kichwa.

"Mwache, Baba. Ami, radhi yako naitaka kwanza. Kitabu hiki ni cha watu waliokwisha kuwa madaktari. Mimi bado sijaingia hata mlangoni. Mtihani wangu unauliza niliyosoma skuli, na hayo nayajua. Naomba unipime kwa hayo."

Ami alimgeukia Baba.

"Said. Ulijua?"

Baba akatazama sinia. "Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza, kaka."

"Na ukaniacha naringa mbele ya watu?"

"Ulikisomea dua Makka," Baba alisema, na sauti yake ikawa ya mtoto mdogo kuliko mimi. "Ningekwambiaje?"

Ami alinyanyuka. Wali wake umebaki kwenye sinia na shimo la vidole vyake. Alichukua kile kitambaa cha kijani, Kitabu akakiacha, na alipofika mlangoni alisema bila kugeuka kwamba haendi mtu Riyadh mpaka huyo binti amtake radhi kwa kumvunjia heshima.

Zuwena alisema, tena Ami bado anavaa viatu na anasikia, "Kwa kukatiza chakula chake nitamtaka radhi sasa hivi. Kwa kitabu, hapana. Nikisema kitabu ni changu nitakuwa nimesema uongo, na nyumba hii ina mwongo mmoja anatosha."

Nilikasirika kidogo kwa hilo, lakini lilikuwa limekaa vizuri.

Baba akasema basi, halas, Riyadh hakuna. Hakupiga kelele. Alisema kama mtu aliyepewa mzigo na mtu mwingine anautua. Siku zilizofuata nyumba ikawa kama imefunikwa na blanketi. Zuwena alikuwa hataki kula na hataki kusema radhi. Baba alikuwa anaona haya kwa kaka yake, anaona haya kwa binti yake, anatoka kwenda kazini mapema na viatu mkononi. Mama alikuwa anafua, anapiga pasi, anapika vyakula vya kugandisha kwenye friji, vingi mno, na mimi kwa ujinga wangu nikadhani kuna maulidi.

Asubuhi moja Baba anakunywa chai, Mama akatoka chumbani amevaa abaya, na begi mkononi.

"Tunakwenda Riyadh. Mchuzi uko kwenye friji, wali utapika mwenyewe."

"Mama Zuwena, nilisema..."

"Nilisikia."

Akanigeukia mimi. "Na wewe vaa viatu. Nikikuacha hapa na huo mdomo nitarudi nikute jengo limeanguka."

Basi la Riyadh linakatiza jangwa mchana kutwa. Nilihesabu ngamia mpaka nikachoka nao, wote sura moja, kama watu wanaongoja ikama. Zuwena alikuwa amekaa dirishani na simu, anasoma, na Mama anammenyea machungwa na kumtia mdomoni kipande kipande bila kuuliza unasoma nini.

Mama mdogo Rayya, ndugu yake Mama, anakaa Al-Naseem, nyumba ya chini yenye jiko kubwa. Alimsafishia Zuwena meza nzima, akamwekea chai ya maziwa, akasema, "Kaa, mwanangu, soma kama malkia." Mara ya kwanza dada yangu akalifanya jaribio la chuo hadharani, mezani, mwanga wa kutosha, hakuna anayegonga. Akapata hamsini na tano.

Akawa mweupe. Akafanya lile la Maryam: vilevile. Mama mdogo akaanza kusoma Ayatul Kursii. Mimi nikaenda bafuni, nikarudi na ndoo, nikaipindua karibu na friji, nikatoka nje ya mlango wa jiko nikaufunga, nikaanza kuupiga ngumi.

"Zuwena! Toka bwana! Watu wana haja zao!"

Nilimsikia anacheka mle ndani. Kicheko kile cha zamani, cha ufagio. Halafu nikasikia ndoo inasogezwa. Sikutaja maksi zake za siku ile kwa mtu yeyote, na sitaji hapa. Nimejifunza.

Ila nilimwuliza kitu, maana majaribio kwenye simu yake yalikuwa mengi na siku zimebaki chache. Atajuaje lipi afanye?

"Kuna jaribio linakushinda kwa haki, na kuna linalokushinda kwa dhulma," alisema. "La haki ukiangalia jibu unasema aa, kumbe, nilikuwa nalijua hili. La dhulma ukiangalia jibu unajiona mjinga zaidi. Hayo ya haki ndiyo ninayoyarudia. Hayo mengine waachie wenye vitambaa."

Sasa mimi nikiwaona wenzangu darasani wanagombania jaribio gumu kuliko yote, eti ndilo la wanaume, nawaambia hivyohivyo, na wananiambia mimi mvivu. Sawa. Mvivu na aliyeelewa wote wanakaa, hutawatofautisha kwa macho.

Alipita. Nalisema sasa hivi nisiwaweke roho juu kwa jambo lililokwisha. Hakupita kwa kishindo, lakini alipita, yuko Riyadh mpaka leo, anasomea ubingwa wa mifupa na kunitumia picha zake ninapokula. Ila barua ya kupita ilipokuja mimi nilikuwa nacheza mpira, sikuiona. Nilichokiona ni siku yenyewe, nje ya geti la chuo, asubuhi, jua limeshaanza ukali wake. Zuwena ameingia. Akina mama wamejipanga kwenye kivuli chembamba cha ukuta, kila mmoja na tasbihi au juisi au vyote viwili. Mama yetu alikuwa amekalia begi, chombo cha chakula mapajani, kimefungwa kwa taulo kisipoe.

Teksi ikasimama, akashuka Baba. Kanzu imekunjamana, kofia imekaa upande, hana mzigo wowote. Alikuwa ametoka uwanja wa ndege moja kwa moja. Sijapata kumwona Baba akitembea vile, kama mtu anayeingia darasani amechelewa. Alisimama mbele ya Mama. Alimsalimu. Aliniwekea mkono kichwani, na safari hii haukulitafuta sikio.

"Ameshaingia?"

"Ameshaingia."

Akabaki amesimama. Simu yake ilikuwa mkononi, inatetemeka, ananyamazisha, inatetemeka tena. Mwisho akasema, kwa sauti ya chini, kwamba kaka Khalfan amepiga tangu alfajiri, hasira zimempungua, na anataka kujua tu, mtoto akitoka aulizwe, anadhani atapata ngapi.

Mama alikifunga vizuri kile chombo cha chakula. Akasogea kwenye begi, akampa Baba nafasi ya kukaa. Halafu akasema:

"Mwambie kaka yako mtoto yumo ndani, anafanya mtihani wake. Akitoka, nitamwuliza kama ana njaa. Na wewe Said, kama umekuja kumwuliza jingine, teksi ile bado haijageuza."